Mjomba hakusema uongo kuhusu sego

Jumapili iliyopita mwanangu wa darasa la saba alimcheka mjomba wangu mbele ya watu, na mpaka leo jambo hilo halijanitoka moyoni. Mzee alikuwa anasimulia alivyokuwa akirina asali ng'ambo ya Ruvuma enzi za ujana wake: anamwita ndege porini, ndege anakuja, anamtangulia mti hadi mti mpaka penye nyuki. "Babu, hiyo si kama ile ya sungura na fisi?" mtoto akauliza. Watu wazima nao wakaangua kicheko. Mjomba akanyamaza, akaanza kuokota punje za wali zilizoanguka mkekani, moja moja, na hadithi ikaishia hapo.

Iliniuma, kwa sababu karibu kila alichosema ni kweli.

Ndege mwenyewe ni mlembe. Sisi Wayao tunamwita sego. Ni mdogo, rangi ya vumbi, mtu asiyemjua atampita tu. Anapenda nta. Nyuki anajua walipo, lakini akiwaingilia peke yake watamuua. Mtu ana shoka na moto, ila hajui nyuki wako mti gani. Basi sego anakuja jirani, anachachatika kama kibiriti kinachotikiswa, anaruka hatua chache, anatua, anakusubiri. Na huyu si kuku wala mbwa. Hajafugwa na mtu yeyote.

Mwaka 1989 mwanasayansi wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha vipimo vyao kutoka kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya: bila ndege, kutafuta nyuki kulichukua wastani wa saa 8.9, wakiongozwa na ndege, saa 3.2. Mwaka 2016 mtafiti wa ndege Claire Spottiswoode na wenzake wakachapisha utafiti wao kutoka Niassa, Msumbiji, kwa Wayao wenzetu. Walipopiga ile sauti ya warina asali, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulikuwa asilimia 66. Walipopiga sauti nyingine, asilimia 33. Uwezekano wa kupata nyuki ulitoka asilimia 16 ukafika 54. Sauti yenyewe ndiyo ileile aliyoitoa mjomba pale mkekani: ulimi unatetemeka, *brrrr*, kisha koo linafunga kwa *hm* fupi ya chini.

Sasa sikilizeni hili, ndilo linaloninyima usingizi. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hawaiti kwa *brrr-hm*, wanaita kwa mluzi. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa Eyasi wanaitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao, na wale wa Niassa wanapendelea mwito wa Kiyao. Mlembe hafundishwi na mama yake. Mama hutaga kwenye viota vya ndege wengine, kama keremkerem, akaondoka zake. Kinda analelewa na wasiojua lolote kuhusu asali ya watu. Lugha hii anaikuta kwetu. Anaijua kwa sababu katika pori lake kuna watu wanaoita, na wakiita, nta inapatikana.

Kwa hiyo watu wakinyamaza, ndege wa kesho atajifunza kwa nani? Mwanangu hakumnyamazisha babu yake tu. Alikata mazungumzo ya viumbe wawili, mazungumzo ambayo huenda ni ya kale kuliko kijiji chochote tunachokijua, na sisi watu wazima tukamsaidia kwa kicheko. Mimi pia nilikuwepo na sikumtetea mzee. Hilo najilaumu.

Haya, sego hamfuati mtu kwa mapenzi, anafuata nta. Ni kweli pia kwamba moto wa warina asali wazembe umeteketeza misitu, na mizinga ya kisasa ina faida zake. Hata lile la mjomba kwamba ukimnyima nta kesho atakupeleka kwa simba, siwezi kulitetea: Wahadzabe mara nyingi huficha au huchoma masega ili ndege abaki na njaa, na bado anawaongoza. Wayao hawafanyi hivyo. Huokota nta, wakamwandalia juu ya majani mabichi, kama unavyomwekea mgeni sahani.

Jana usiku nilimpigia mjomba nikamwomba radhi. Nikamwomba pia likizo ya Septemba atupeleke, mimi na mwanangu, tukaite. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Njooni, mpwa wangu. Ila nta ataiweka yule mtoto kwa mkono wake."

Tangu asubuhi mwanangu yuko uani anajaribu. *Brrr* ameipata. *Hm* bado inamshinda.