Namba tasa yenye tarakimu milioni 41: ina faida gani?

Oktoba 2024 Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Nvidia, kampuni ya kadi za michoro za kompyuta, alipata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha utoe 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa tarakimu 3,000 kila ukurasa, utajaza kurasa zaidi ya 13,600. Swali lililozuka mara moja ni kama umeme na fedha zilizotumika zilikuwa na maana.

Watetezi wengi hukimbilia usalama wa benki na intaneti. Hoja hiyo haisimami. Funguo za siri hutumia namba tasa zenye tarakimu mia kadhaa tu, tena zisizojulikana na mtu mwingine. Hii ya Durant inajulikana na dunia nzima, itaficha nini?

Wapinzani nao wana hoja nzito. Euklide, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishathibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho. Hii ni ya 52 kujulikana katika kundi la Mersenne, yaani namba tasa zinazopatikana kwa kuchukua 2 kwa kipeo fulani na kutoa 1, na bado hakuna aliyethibitisha kama kundi hilo lina mwisho. Kuongeza moja hakutatui fumbo hilo.

Mimi hata hivyo nauunga mkono msako huu, kwa sababu ya namna unavyofanywa. Chukua 2 kwa kipeo cha 5, toa 1: unapata 31. Ili kujua kama 31 ni tasa, anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 194, ambayo ukiigawa kwa 31 inabaki 8. Rudia tena kwa hiyo 8: 62, na sasa ukiigawa kwa 31 hakibaki kitu. Basi 31 ni tasa. Hatua 3, yaani kipeo ukitoa 2. Kwa namba ya Durant hatua zinapita milioni 136, kila moja ikizidisha namba ya mamilioni ya tarakimu, na kosa moja katikati linaharibu jibu lote. Ndiyo maana ilihakikiwa kwa programu na mashine tofauti kabla ya kutangazwa.

Kazi ngumu namna hiyo hufichua mashine mbovu. Mwanzoni mwa 2016 programu ya GIMPS, mradi wa kujitolea wa kusaka namba tasa za Mersenne ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ilifichua kasoro katika Skylake, aina ya vichakataji vya kompyuta vya kampuni ya Intel: kompyuta ziliganda zikiwa katikati ya hesabu. Intel ikalazimika kuirekebisha. Kichakataji kama hicho hufanya pia hesabu za watu wasiojua lolote kuhusu Mersenne, na hiyo ni faida inayoshikika.

Linalonisumbua ni jingine. Kwa miaka mingi rekodi hizi zilivunjwa kwa kompyuta za kawaida, za nyumbani na za vyuo. Durant alikodi kadi za michoro katika vituo vya data vya nchi 17. Zawadi yake ya dola 3,000 aliielekeza kwa shule ya hisabati na sayansi ya Alabama, na namheshimu kwa hilo. Lakini mwanafunzi mwenye kompyuta moja sasa ana nafasi finyu zaidi ya kuivunja rekodi hii, na mradi ulijengwa na watu kama yeye.