Mkulima wa Elgon ni mkaidi, au utabiri wa Machi haumjibu?

Kabla ya mvua za Machi, Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Uganda (UNMA) hutoa utabiri wa msimu hadi Mei, na lawama huwa zile zile. Mkulima wa Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, kuanzia Bududa hadi Kapchorwa, husomewa utabiri redioni kwa lugha yake, kisha huupa kisogo na kupanda mara tu mvua ya kwanza ikigonga bati. Mvua ikikatika mahindi yakaungua, anaambiwa ni mkaidi: misimu imebadilika, naye bado anafuata kalenda ya babu.

Wanaolaumu wana hoja. Mvua ya milimita 8 hulowanisha udongo mkavu kina cha vidole viwili hivi. Mbegu iliyofukiwa humo hunywa maji hayo (hindi huhitaji karibu theluthi ya uzito wake ili lichipue, haragwe karibu nusu), hutoa mzizi, na mzizi unakuta vumbi. Ekari moja inakula kilo 10 za mbegu ya mahindi. Kurudia ni kununua upya. Ndiyo maana wataalamu hawasemi msimu umeanza mpaka zipatikane kama milimita 20 ndani ya siku tatu, na katika siku 30 zinazofuata pasiwe na ukame wa kupita wiki moja hivi. Kipimo kizuri, ila siku hizo 30 hujulikana zikishapita.

Sasa tuusome utabiri wenyewe. Hutolewa kwa mafungu matatu: mvua juu ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida. Tuseme ukanda umepewa uwezekano wa asilimia 45, 35 na 20. Redioni tarakimu hizo hugeuka sentensi moja: mvua itakuwa nyingi. Kumbe pasingekuwa na utabiri wowote, kila fungu lingepata 33. Ofisi imeisogeza 33 ikawa 45, basi. Katika kila misimu mitano iliyotabiriwa hivyo, tegemea mmoja kuwa mkavu, na utabiri utakuwa haujakosea chochote. Aliyepoteza mbegu msimu huo hawezi kuambiwa hivyo akaelewa, wala sioni kwa nini aelewe.

Tena fungu hilo ni la jumla ya miezi mitatu. Milimita 450 zikigawanyika kwa siku 45 ni mavuno. Zikishuka kwa siku 18 zinabeba udongo hadi mtoni, na kwenye daftari la ofisi zote ni 450 tu. Ukanda nao ni mpana: Mbale iko chini kidogo ya mita 1,200 na Kapchorwa karibu 1,900. Pande za magharibi na kusini za mlima hupata mvua nyingi, za kaskazini na mashariki hubaki kavu zaidi. Mkulima anauliza kama apande wiki hii, anajibiwa kwa habari za Machi hadi Mei.

Ofisi haizembei. Msimu huu ndio mgumu kutabirika Afrika Mashariki nzima, kwa sababu hauongozwi sana na hali ya bahari inayoonekana miezi kabla. Unayumbishwa zaidi na mizunguko ya wiki kadhaa, kama ule wa Madden-Julian, wimbi la mawingu na mvua linalozunguka tropiki kwa siku 30 hadi 60. Modeli za kompyuta zilibashiri kwamba masika yataongezeka, yakapungua kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Na kungoja kuna bei yake, ambayo wenye kulaumu huwa hawaitaji. Mahindi ya aina ya Longe huko bondeni hukomaa kwa miezi minne hivi. Juu Kapchorwa baridi huyachelewesha, na mbegu za nyanda za juu kama H614, iliyozaliwa Kitale ng'ambo ya mpaka, huchukua miezi sita. Aliyepanda katikati ya Machi anavuna Septemba. Aliyengoja mwishoni mwa Aprili anavuna mwishoni mwa Oktoba, mvua za pili zikiwa zimekolea, na gunzi linaanza kuota kuvu likiwa bado shambani. Tia konzi ya punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa: chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na ghalani kuvu itaendelea, sumukuvu ikifuata. Kuna na rutuba. H. F. Birch, aliyefanya utafiti Muguga, Kenya, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa hutoa nitrojeni kwa wingi ghafla. Mahindi yaliyokwisha ota huila; yaliyochelewa huikuta mvua imeshaizamisha mbali na mizizi.

Kwa hiyo anayepanda Machi hachezi kamari ovyo, ilimradi asipande shamba zima. Achimbe kwa jembe baada ya mvua: unyevu ukifika sentimita 15 na udongo ukifinyangika kiganjani, apande theluthi ya shamba, nyingine wiki inayofuata, akisikiliza utabiri wa siku kumi, ambao kwa kazi hii una thamani kuliko ule wa msimu.

Septemba, hapo namgeuka mkulima. Mvua za Oktoba hadi Desemba zimefungamana na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, na dalili zake huonekana miezi kabla. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na 2019 maji ya magharibi mwa bahari hiyo yalipopata joto kupita kawaida. Desemba yake maporomoko ya ardhi yaliua watu Bududa. Ofisi ikisema mvua itazidi msimu huo, ni neno la kushika. Kahawa inayohitaji siku 10 hadi 14 za jua ifike asilimia 12 ya unyevu iandaliwe meza za kuinuliwa na turubai mapema, mifereji ya maji izibuliwe kabla ya Oktoba, na nyumba iliyo mdomoni mwa korongo ihamwe ardhi ikiwa bado kavu. Lakini utabiri huo unamfikia kwa redio ile ile na sauti ile ile ya Machi, naye ameshajifunza kutousikiliza.