Chapa za Julie Mehretu sio fotokopi, jamani

Tangu wapiga mnada Sotheby's wauze mchoro wa Julie Mehretu, msanii mzaliwa wa Ethiopia, kwa dola milioni 10.7 Novemba 2023, ukimtaja tu watu wanakurukia na bei. Wakati huo ilikuwa rekodi ya mnada kwa msanii mzaliwa wa Afrika, sawa, hongera zake. Ila kilichonichefua ni jamaa mmoja, tena ananunua sanaa huyo, nimemwonyesha chapa ya Mehretu, yaani picha ambayo msanii anaichora kwenye bamba au skrini kisha inachapwa karatasini, ananiuliza, "kwani orijino iko wapi?"

Hiyo ndo orijino!

Chukua chapa yake Epigraph, Damascus ya 2016, aliyoifanya na karakana ya Niels Borch Jensen kule Copenhagen. Paneli sita, zikipangwa pamoja zinajaza ukuta. Chini kabisa kuna michoro ya majengo ya Damascus juu ya picha iliyofifishwa, imehamishiwa kwenye mabamba ya shaba, halafu juu yake ndo zikaja alama za mkono wake. Sehemu ya alama hizo unazipata kwa sukari, ndio, sukari: unachora nayo kwenye bamba, unafunika na vanishi, ukiliweka kwenye maji ya moto sukari inayeyuka inabandua vanishi, asidi inakula palipobaki wazi. Kwenye turubai Mehretu anafutafuta sana, anasugua, anarudia, na ufutaji wenyewe unakuwa sehemu ya mchoro. Kwenye shaba asidi ikishakula imekula. Na ni Damascus hiyo, mji mkuu wa Syria, nchi wakati huo ilikuwa vitani, weusi umepanda kama moshi na nyumba bado ziko chini yake, dirisha kwa dirisha, ukisogea karibu unaziona. Fotokopi gani inafanya hivyo?

Wala hakudandia chapa baada ya kupata jina. Digrii yake ya uzamili kutoka chuo cha sanaa cha Rhode Island, Marekani, 1997, ni ya uchoraji na uchapaji. Chapa yake Entropia ya 2004 ina rangi 32 kwenye karatasi moja, zinachapwa moja juu ya nyingine, sasa kaa ufikirie kuzipanga kila moja ikae mahali pake bila kupishana hata kidogo.

Si kwamba kila kazi yake naipenda: ule mchoro wa ukutani aliowachorea Goldman Sachs, futi 80, kwenye lobi ya benki, unaniwasha mpaka leo. Haya, nakubali kwa shingo upande, mpita njia anauona bure kupitia vioo.

Halafu hao hao wa "orijino iko wapi" wakisikia chapa zake nazo zinapanda bei, utawaona wa kwanza kwenye foleni.