Vua hedifoni, sikiliza cherehani

Kuna kitu kinaniuma sana siku hizi, ukipita kwa mafundi cherehani unakuta wanaojifunza wameziba masikio na hedifoni, mguu kwenye pedeli, mziki unapiga humo ndani hata hawasikii mashine inasemaje. Mi naona wanajichelewesha kabisa.

Mi nilifundishwa na shangazi, cherehani ya kukanyaga. Wiki ya kwanza hakunipa hata uzi, alinipa karatasi ya daftari nitoboe mistari tu. Nikawa naukodolea macho mguu wangu, gurudumu linarudi nyuma kila saa. Akaniambia "mwanangu, acha kuangalia, sikia." Akakaa yeye, chakachakachakachaka, sawasawa mwanzo mpaka mwisho wa mstari. Wangu mimi ulikuwa chaka... chakachaka... kimya. Basi nikaanza kuutafuta ule mlio wake badala ya kuutafuta mguu, na siku ya tatu gurudumu likaacha kurudi. Baadaye nikajua hata sindano butu inajisema yenyewe, inagonga kitambaa pu pu pu badala ya kupenya.

Na sio mambo ya shangazi tu. Sikio linapima muda vizuri kuliko jicho, na kushona ni muda, mkono na mguu viende pamoja. Mwaka 2007 watafiti Marekani walichukua watu wasiojua piano wakawafundisha wimbo mmoja siku 5, halafu wakawapima ubongo wakiwa wanausikiliza tu bila kugusa kitu, na zile sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa mwili zikawaka, zaidi kuliko kwa wimbo ambao hawakujifunza kuupiga. Yaani mlio na mkono vilishashonwa pamoja! Hata wagonjwa wa kiharusi kuna wanaofundishwa kutembea upya kwa kufuata mapigo ya sauti.

Mtu ataniambia mziki nao una mapigo. Sawa, lakini ni mapigo ya mwanamziki, sio ya mguu wako. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, kila mmoja ananyanyua mchi kwa kusikia wa mwenzie ukitua, hapo sauti inatoka kwenye kazi yenyewe, ndo maana michi haigongani.

Sasa hivi namfundisha mtoto wa dada, simu inakaa kwenye droo mpaka tumalize. Jana nilikuwa jikoni nikasikia mlio umekuwa mwepesi ghafla, nikamwambia kutoka hukohuko angalia uzi umekatika. Akajibu, "Nimeshasikia ma'mdogo, natunga mwingine."