Haramu ni safari, au ni msafiri?

Aprili 2013, shirika la habari la Associated Press la Marekani liliwaagiza waandishi wake waache kumwita mtu "illegal immigrant", yaani mhamiaji aliye kinyume cha sheria. Neno "illegal" libaki kwenye kitendo, wakasema: mtu ameingia nchini kinyume cha sheria, basi. Lisimgande yeye mwenyewe.

Wanaopinga wana hoja. Sheria imevunjwa, na kazi ya mwandishi si kupamba. Tena neno mbadala linalopendwa huko, "undocumented", yaani asiye na hati, halisemi kweli yote. Wengi waliingia na viza halali, muda ukaisha, wakabaki. Hati wanazo, walichokosa ni ruhusa ya kuendelea kukaa. Hapo nawaunga mkono.

Ila ukweli huohuo unawageukia. Kwa sheria za Marekani, kuvuka mpaka kwa kukwepa ukaguzi ni kosa la jinai, ilhali kupitiliza muda wa viza peke yake si jinai, ingawa mtu anaweza kufukuzwa nchini. "Illegal" linawatia wote kapu moja. Na likishazoeleka hugeuka jina kamili: Machi 2024 Rais Joe Biden, akilihutubia Bunge, alimtaja mtuhumiwa wa mauaji kuwa "an illegal". Siku chache baadaye alisema hakupaswa kulitumia neno hilo.

Kwetu mambo ni mazito zaidi, maana tumelitafsiri kwa "wahamiaji haramu". Haramu ni neno la dini kabla halijawa la polisi; ndilo tunalotumia kwa riba na nyama ya nguruwe. Ndilo pia linalomwandama mtoto aitwaye mwanaharamu, ambaye hakutenda lolote. Mtu anayekwepa kodi tunamwita mkwepa kodi, kwa jina la alichofanya, na hakuna anayelalamika kwamba tumemlegezea.

Juni 2012, mkoani Dodoma, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Hata maiti ziliitwa wahamiaji haramu. Aliyewapakia ndiye aliyefanya biashara haramu, na kwake neno hilo linakaa sawasawa.

Wahariri husema kichwa cha habari hakina nafasi ya "walioingia bila kibali". Sawa. Lakini "Waethiopia zaidi ya 40 wafa ndani ya lori" kingetosha, tena kingekuwa kifupi.