Kingamwili ya AP-2: muuzaji athibitishe, au mtumiaji?

Kichupa cha kingamwili, protini inayoshika protini nyingine na kutumika kuionyesha ilipo, kinapofika maabara huja na karatasi yenye picha ya jeli, ambako protini hutenganishwa kwa uzito: mstari mmoja mweusi, umekaa vizuri penye kilodaltoni 100 (kipimo cha uzito wa protini). Je, picha hiyo yatosha kuanzia kazi, au kila maabara ijipimie yenyewe? Ubishi huu ni wa siku nyingi, na kwangu mimi hakuna kinachouweka wazi kama kingamwili dhidi ya AP-2.

AP-2 ni protini adapta iliyo upande wa ndani wa utando wa seli. Hushika vipokezi vinavyotakiwa kuingizwa ndani, kama kile cha transferini, protini inayobeba madini ya chuma. Papo hapo huvuta klathrini, protini ambayo hujisuka kama kikapu wakati utando unajikunja kuwa kifuko. Ina sehemu nne: alfa na beta2, kila moja takribani kilodaltoni 100, mu2 ya 50 hivi, na sigma2 ya 17 hivi.

Tatizo limejificha humo humo. Alfa na beta2 hutembea karibu sawa kwenye jeli, kwa hiyo mstari wa penye 100 hausemi ni ipi iliyoshikwa. Tena beta2 inafanana mno na beta1 ya AP-1, adapta nyingine inayofanya kazi kwenye Golgi na endosomu, vyumba vya ndani ya seli vinavyopanga na kusafirisha protini. Kingamwili iliyolenga kipande ambacho beta hizi zinafanana itawaka chini ya hadubini pembezoni mwa seli na karibu na kiini pia, na mtafiti mwenye haraka ataandika kwamba AP-2 imehama.

Wanaotaka muuzaji abebe mzigo wana hoja nzito. Kupima kingamwili kunakula fedha na miezi, na kipimo kimoja kizuri kiwandani kingeokoa maabara nyingi. Mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya 100 waliunga mkono makala katika jarida la Nature iliyotaka utafiti uhamie kwenye kingamwili rekombinanti, zinazotengenezwa kutokana na jeni iliyowekwa kwenye seli za maabara, ambazo mfuatano wake unajulikana na hazibadiliki kutoka toleo moja hadi jingine kama zile za damu ya sungura. Naafiki kabisa. Ila kutobadilika si kulenga sawasawa: inayoshika protini isiyo yake itaendelea kuishika hiyo hiyo katika kila toleo.

Kipimo kinachoaminiwa zaidi ni kuzima jeni ya protini inayolengwa na kutazama kama mstari unapotea. Kwa AP-2 hata hicho kina mitego. Kiinitete cha panya kisicho na mu2 hufa mapema, kwa hiyo katika seli wengi huipunguza protini badala ya kuizima kabisa. Na sehemu zake hutegemeana: ukipunguza mu2, alfa nayo hushuka. Mstari wa 100 ukififia hapo, umejua tu kwamba ni wa kundi hilo. Hujajua kama ni alfa. Kinyume chake nacho hutokea. Alfa ina jeni mbili, AP2A1 na AP2A2, na ukizima moja, mstari uliobaki huenda ni wa pacha wake. Kingamwili nzuri hutupwa namna hiyo.

Kuna na suala la mbinu. Protini kwenye jeli imenyooshwa. Kwenye seli iliyogandishwa kwa kemikali bado imejikunja. Kingamwili inayotambua umbo lililokunjwa inaweza kufeli kwenye jeli na kufanya kazi safi kwenye hadubini, na hakuna muuzaji anayeweza kupima kila seli na kila mbinu ya wateja wake.

Kwa hiyo namdai muuzaji aonyeshe kipimo cha jeni iliyopunguzwa, na aseme ni jeni ipi hasa. Mtumiaji naye arudie kwenye seli zake. Kama fedha zinatosha jaribio moja tu, ningechanganya kwenye kioo kimoja seli zilizopunguziwa alfa na seli za kawaida zilizowekwa alama, nizipe zote transferini yenye rangi, kisha nitazame zile zilizoshindwa kuiingiza: vidoa vya kingamwili vimefifia humo, huku jirani zake bado vinang'aa?