Rangi Mmepaka, Bomba Je?

Jumapili nimerudi nikakuta korido yetu inang'aa, rangi ya krimu, harufu bado mbichi. Ile alama ya mafuriko iliyofika usawa wa goti haionekani tena. Majirani wanapongezana. Mimi nikaingia chooni, nikavuta maji, yakapanda badala ya kushuka.

Jamani, tumepaka rangi ili iweje?

Jengo letu hapa Upanga, Dar es Salaam, lina mabomba ya maji taka ya chuma, yale meusi mazito, yaliyowekwa kabla sijazaliwa. Haya, nakubali, yametutumikia miaka mingi, na hayo mabomba mapya ya plastiki tunayoyasifia ukiyaacha juani yanapauka na kupasuka. Lakini baada ya masika ya 2024 fundi aligonga bomba la nje ya dirisha langu la jiko kwa bisibisi, kama anayebisha hodi, bisibisi ikazama. Akakata kipande tukakitazama. Bomba la inchi 4, ila tundu lililobaki halipitishi hata limau. Kutu imeota kama magamba ya mamba, juu yake mafuta ya kupikia yaliyoganda, juu yake tope la mafuriko, na ndani ya tope kizibo cha soda.

"Dada," akasema, "hili si bomba tena, ni marehemu."

Kamati ya jengo ikaamua nini? Mpira wa ndani wa baiskeli, waya, saruji kidogo. Pesa iliyobaki, rangi.

Sikilizeni. Kuzibua kwa waya kila mwezi hakutusaidii, kwa sababu tatizo liko chini ya sakafu. Mafuriko yalikomba udongo uliokuwa umebeba bomba, likabonyea. Bomba la ukubwa huo linataka mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Tulipima kutoka ngazini hadi chemba, lile shimo linalopokea maji taka: mita tatu za mwanzo liko bapa, kisha linapanda. Linapanda! Maji taka hayawezi kukwea kilima kwa sababu tu mwenyekiti ana imani nayo. Yanatuama pale, tope linajaa, maungio yanavuja, na udongo chini ya kitanda changu unayanywa. Hiyo rangi ya krimu itavimba kabla hatujamaliza kuilipia.

Dawa ni kuvunja sakafu, kutoa chuma chote, kushindilia mchanga, kulaza bomba jipya kwa pima maji. Ndiyo, ni ghali. Ndiyo, vumbi litakuwepo.

Na aliyeelekeza maji ya mvua ya paa kwenye chemba ya vyoo, naye ana siku yake.

Wa ghorofa ya tatu wananiambia, "Vumilia, jirani." Rahisi kusema, maana kila wanachovuta huko juu kinapitia kwangu kuniamkia.

Kikao ni Jumamosi saa kumi. Kile kipande cha bomba ninacho, nimekitia kwenye kiroba. Sijakiosha.